Seva imegoma: usome logi, uchomoe vitu, ama ubadilishe spea?

Hii nawaandikia wale wenye seva moja ama mbili ofisini hapa Mombasa, zile zimekaa kwa kijichumba chini ya ngazi na hakuna injinia wa kudumu, kuna kijana tu anayejua kompyuta kiasi na fundi wa kupigiwa simu. Seva ikigoma, mafundi wetu wana njia tatu za kutafuta ugonjwa na kila mmoja ataapa ya kwake ndo bora. Kuna kusoma logi, yaani unaiuliza mashine yenyewe inaumwa wapi. Kuna kuchomoa, unaipunguza mpaka ibaki na vitu vichache kabisa vya kuwakia halafu unarudisha kimoja kimoja. Na kuna kubadilisha spea, toa hii weka ile mpaka itulie. Zote tatu zafanya kazi lakini si kwa ugonjwa mmoja, na ukichagua vibaya utalipia mazabodi nzima, yaani ule ubao mkuu wa ndani, kumbe shida ilikuwa kebo, ama utapoteza data ambayo mpaka dakika ile ilikuwa salama.

Msimamo wangu ni huu. Seva ikiwa bado inaweza kusema, isikilize kwanza. Ikinyamaza kabisa, chomoa. Spea ije nyuma, isipokuwa zile zilizotengenezwa kuchomolewa mashine ikiwa inawaka.

Na kabla ya njia yoyote, kama bado inawaka na mafaili yanafunguka, toa bakapu. Leo, sio kesho asubuhi fundi akija. Mashine ambayo imeanza kujizima yenyewe hakuna anayejua itawaka tena mara ngapi, na hizi njia tatu zote ni za kuokoa mashine, hakuna hata moja ya kuokoa data.

Kusoma logi

Kitu ambacho wengi hawajui kuhusu seva ya kweli, sio kompyuta ya mezani iliyopewa jina la seva, ni kwamba ndani ya mazabodi kuna kompyuta nyingine ndogo inaitwa BMC, na kazi yake ni kukesha tu. Inapima joto, volti, mzunguko wa feni, hali ya RAM, pawa saplai, na kitu kikienda kombo inaandika, pamoja na saa na tarehe. Kwa Dell inaitwa iDRAC, kwa HPE inaitwa iLO, Lenovo wanaiita XClarity, Supermicro wao waiita tu BMC ama IPMI. Na uzuri wake ni kwamba haingoji seva iwake. Mradi waya wa stima umechomekwa na angalau pawa saplai moja ni nzima, BMC iko macho hata kama kila kitu kingine kimezima. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii imekufa hatuwezi kuangalia logi," muulize kwanza kama amejaribu huko.

Nyuma ya seva utaona mlango wa netiwaki uliokaa peke yake, kwa Dell umechorwa spana, kwa HPE umeandikwa iLO. Chomeka laptopu hapo. Dell ambayo haijaguswa huwa na anwani 192.168.0.120, na paswodi ya seva mpya imeandikwa kwenye kile kikadi kinachovutwa mbele, kama ilivyo pia kwa HPE. Seva za eks-UK, yaani mitumba ya kutoka Uingereza, tulizojaza hapa mjini nyingi huja na paswodi ya mwenyewe wa kwanza, basi itabidi uirudishe mwanzo kupitia biosi, ile menyu ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows ama Linux kuwaka. Na ukishaingia badilisha hiyo paswodi, wala usiifungue BMC kwa intaneti hata siku moja, maana anayeishika ameishika seva yote.

Kama Linux bado inawaka juu yake huhitaji hata laptopu, komandi ni `ipmitool sel elist` kwa matukio na `ipmitool sdr` kwa vipimo vya sasa hivi. Kwa Windows angalia WHEA-Logger ndani ya Event Viewer, hiyo ndo huripoti makosa ya vifaa. Ile namba 41 ya Kernel-Power ambayo kila mtu huiona na kushtuka haikuambii chochote zaidi ya kwamba mashine ilizima bila kuzimwa vizuri, na watu wamenunua pawa saplai kwa sababu ya hiyo namba peke yake.

Faida kubwa ya logi ni kwamba inataja mahali. Haisemi "RAM ina shida," inasema sloti A3. Haisemi "stima," inasema pawa saplai ya pili imekosa umeme wa kuingia. Hapo ndo inaokoa pesa. Kuna ofisi moja ya klering kule Shimanzi seva yao ilikuwa inajizima, inawaka, inajizima, na wakaambiwa pawa saplai zote mbili zimekwisha, waagize. Kwa iDRAC yalikuwepo matukio ya PSU0003, ambayo maana yake umeme wa kuingia umepotea, kwa ya kwanza na ya pili, kila mara kwa pamoja. Sasa pawa saplai mbili hazifi pamoja halafu zikafufuka pamoja. Zilikuwa zimechomekwa UPS moja, ile betri ya akiba ya stima, na betri za ile UPS zimechoka, stima ikicheza kidogo tu UPS inaziangusha zote mbili. Zikanunuliwa betri za UPS, na waya mmoja ukahamishiwa kwa laini nyingine. Hiyo ukienda kwa njia ya spea ungebadilisha pawa saplai mbili na ugonjwa ukabaki pale pale.

RAM pia nataka nikae nayo kidogo kwa sababu ndo logi zake husomwa vibaya. RAM ya seva ni ya ECC, ina biti za ziada za kujikagua. Biti moja ikipinduka inasahihishwa papo hapo na kazi inaendelea, mbili zikipinduka pamoja inajua kuna kosa lakini haiwezi kusahihisha, na hapo ndo seva huanguka. Logi hutenganisha hizi mbili, lililosahihishwa na lisilosahihishika. Watu wakiona "limesahihishwa" wanaridhika. Usiridhike sana. Google pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti 2009 kuhusu maelfu ya seva zao, wakakuta kama theluthi ya mashine hupata kosa la RAM linalosahihishwa ndani ya mwaka, na kwamba kijiti ambacho kimeshaanza kutoa hayo makosa kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kutoa lile lisilosahihishika. Kwa hivyo kosa moja mwezi mzima sio habari, lakini sloti ile ile ikirudia kila siku panga kukibadilisha kabla hakijachagua siku yenyewe, na siku yenyewe huwa ni mwisho wa mwezi watu wako kwa mishahara.

Logi ina udhaifu wake na ni muhimu kuujua. Saa ikiwa imepotea, tarehe zote ni uongo, na saa hupotea betri ndogo ya CR2032 ikiisha, ile ya volti 3, kwa hivyo linganisha kwanza saa ya BMC na ya simu yako. Logi ikijaa, baadhi ya mashine huacha kuandika kabisa, unakuta tukio la mwisho ni la mwaka juzi na mtu anasema "mbona haina shida." Hifadhi nakala, kisha ifute ili ianze upya. Halafu kuna yale makosa ya prosesa, kwa Dell CPU0000 ama maandishi ya IERR, hayo hayamaanishi prosesa imekufa. Prosesa ndo iliyopiga kelele tu, aliyeikanyaga anaweza kuwa RAM, kadi ya ziada ya PCIe, ama fimwea ya zamani, yaani programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Hapo logi imefika mwisho wa ujuzi wake na lazima uende njia ya pili.

Kuchomoa

Hii ndo njia ya seva iliyonyamaza. Unabonyeza, feni zinanguruma, skrini nyeusi, haifiki hata kwa biosi. Wazo lake ni rahisi, kila mashine ina kiwango cha chini kabisa cha kuwakia. Kwa seva nyingi ni mazabodi, prosesa ya kwanza, kijiti kimoja cha RAM kwa sloti A1, na pawa saplai moja. Basi. Diski nje, kadi zote nje, prosesa ya pili nje kama ipo, USB zote nje. Ikiwaka hivyo, mazabodi yako ni nzima na mkosaji yuko kwenye meza pamoja na vitu ulivyovitoa, unarudisha kimoja, unawasha, unarudisha kingine, unawasha. Ikikataa hivyo, badilisha kijiti, kisha pawa saplai, kisha waweza kuanza kuishuku mazabodi ama prosesa.

Ikilinganishwa na logi, hii haihitaji paswodi wala laptopu wala mtu anayesoma Kiingereza cha mashine, na haihitaji spea hata moja. Ndo maana naipenda kwa hapa kwetu. Lakini inakula muda, maana seva yenye RAM nyingi inachukua dakika kadhaa kila ikiwaka, na wakati wote huo ofisi imesimama. Na ina hatari zake. Ukishaitoa prosesa umeziacha wazi zile pini nyembamba za soketi, ukiangusha kitu pale zikapinda umetengeneza ugonjwa mpya ambao haukuwepo. Kwa hivyo prosesa iguse mwisho kabisa, na uwe na pesti mpya ya kupitisha joto ya kupaka ukiirudisha.

Utaratibu wake sio wa kukimbiza. Toa waya zote za stima, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde kumi hivi mabaki ya umeme yatoke, piga picha kila upande kabla hujagusa kebo, andika namba kwa kila diski kulingana na nafasi yake. Vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli. Najua watu husema Mombasa ni unyevu, umeme tuli hauko, na ni kweli nje unyevu unasaidia, lakini ndani ya chumba chenye AC inayokesha hewa huwa kavu zaidi na kijiti cha RAM hakitakwambia umekiumiza, kitakuja kufa baadaye.

Sasa hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Hewa yetu ina chumvi. Seva iliyokaa ofisi ya Nyali karibu na bahari, ama Kizingo, dirisha likafunguliwa kila AC ikiharibika, miguu ya RAM na ya kadi hupata ukungu mwembamba wa kutu ambao macho hayauoni vizuri. Fundi anachomoa kijiti, anakirudisha, seva inawaka, anasema tayari, analipwa anaondoka. Ule msuguano wa kuchomoa na kurudisha ndo ulisafisha mguso, na baada ya wiki chache unarudi pale pale. Kwa hivyo ukichomoa na ikawaka yenyewe usifurahi haraka, andika ni sloti gani, safisha miguu kwa spiriti ya aisopropili yenye asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha ikauke, ndo urudishe. Kuna wanaosugua kwa raba ya penseli. Mimi nasema hapana, raba inakwangua ile dhahabu nyembamba juu ya mguso, na ikishatoka kutu inapata njia ya mkato.

Kuhamisha, ambayo iko katikati

Kati ya kuchomoa na kubadilisha kuna kitu ambacho watu hukiruka na ndo kizuri kuliko vyote. Logi imesema A3. Usinunue bado. Chukua kijiti cha A3 kipeleke B3, cha B3 kilete A3, washa, ngoja. Logi ikija kusema B3, kosa limemfuata kijiti, kijiti ndo kibovu, nenda kanunue. Ikiendelea kusema A3 na kijiti chake kimehama, basi ni sloti, ama soketi ya prosesa, ama mazabodi, na kijiti kipya hakingekusaidia lolote. Vivyo hivyo kwa pawa saplai, zibadilishane nafasi. Kwa feni, kama zinafanana, vivyo hivyo. Seva kwa bahati nzuri imejaa vitu viwili viwili, spea ya kupimia iko ndani ya mashine yenyewe. Angalia tu prosesa, vijiti vya upande wa B hufanya kazi ikiwa prosesa ya pili ipo, kama haipo zile sloti zimekufa na sio ugonjwa.

Diski ndo usihamishe hivyo. Nitafika.

Kubadilisha spea

Njia hii ina jina baya lakini kuna mahali inashinda zote. Diski, pawa saplai, na kwa seva nyingi feni pia, zimetengenezwa kubadilishwa mashine ikiwaka na watu wakiendelea kufanya kazi. Taa ya diski imekuwa ya machungwa, kontrola, ile kadi inayosimamia diski, inasema itakufa karibuni, hapo hakuna cha kuchomoa-chomoa wala kusubiri, toa hiyo weka nyingine. Kwa vitu hivi spea ndo njia ya haraka na salama kuliko zote mbili za juu.

Kwa vilivyobaki, hasa mazabodi na prosesa, njia hii ni ghali. Spea nyingi za seva hazikai madukani hapa, sio Moi Avenue sio Digo Road, zinakuja Nairobi kwa parseli ya basi la usiku, na ikija siyo umepoteza tena usiku mwingine na muuzaji hapokei kitu kilichofunguliwa. Na spea ya kupimia inafaa tu ikiwa unajua kwa hakika ni nzima. Kijiti kutoka droo ambayo kimelala miaka sio spea, hicho ni swali la pili.

Halafu kuna kulingana. RAM za seva za aina ya RDIMM na za LRDIMM hazichanganywi, na ile ya kawaida isiyo na rejista haikai nazo kabisa, seva itakataa kuwaka na utadhani umeharibu. Pawa saplai mbili za wati tofauti zitatoa onyo la kutolingana. Diski mpya lazima iwe sawa ama kubwa kuliko iliyokufa, diski ya aina ya SAS haibadilishwi na ya SATA ndani ya kundi moja la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na hizi diski za bei rahisi zilizotoka kwenye mashine kubwa za kuhifadhia data wakati mwingine zimefomatiwa sekta za baiti 520 badala ya 512, kontrola yako itaiona lakini haitaikubali mpaka ifomatiwe upya. Uliza kabla hujatuma pesa.

Na kuna magonjwa ambayo spea haiponyi kabisa. Novemba 2019 HPE walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS zilikuwa na kosa la fimwea, zikifika saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3 na siku 270 na saa 8, zinakufa na data haitoki tena. Dawa ilikuwa fimwea mpya, HPD8. Fikiria mtu aliyenunua diski nane siku moja akaziwasha siku moja, RAID yake haimsaidii maana zinafika saa ile pamoja, na akibadilisha moja kwa nyingine ya fimwea ile ile amejinunulia tu muda. Mtu wa logi na wa `smartctl`, komandi ya kusoma afya ya diski, angeona saa za kuwaka na toleo la fimwea bila kufungua skrubu. Nazitaja hizi kwa sababu za eks-UK tunazonunua zimeshawaka miaka mahali pengine kabla ya kuvuka bahari.

Kwa dalili, ipi?

Haiwaki kabisa, hakuna taa. Anza nje ya mashine, soketi, waya, UPS, halafu taa ya pawa saplai nyuma. Ikiwa taa ya pawa saplai inawaka lakini seva haitaki, angalia BMC kisha chomoa. Feni zinanguruma na skrini nyeusi, chomoa moja kwa moja. Inajizima na kujiwasha, logi, logi, logi, usiguse kitu kabla hujasoma.

Inachemka. Hapa logi inashinda kwa mbali sana kwa sababu inakupa vipimo viwili, joto la hewa inayoingia mbele na joto la prosesa. Kipimo cha mbele kikiwa juu, shida ni chumba. Chama cha mainjinia wa viyoyozi, ASHRAE, wanapendekeza hewa inayoingia iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na sisi wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana nje peke yake unafika 32 na kupita, kwa hivyo AC ikizima ijumaa jioni na ofisi ikafungwa unajua kitakachokuwa jumamosi. Kipimo cha mbele kikiwa kizuri lakini prosesa inawaka moto, basi ni ndani, feni imekufa, vumbi limeziba, ama pesti imekauka. Ofisi za kando ya barabara ya malori, Changamwe na kule Miritini, vumbi ndo mshukiwa wa kwanza. Lipulizwe seva ikiwa imezimwa, na feni uzishike zisizunguke na upepo. Mtu wa spea hapa angeanza na prosesa.

Imekuwa nzito ghafla lakini haianguki. Wengi hukimbilia kuongeza RAM. Angalia mambo mawili kwanza. Betri ya kontrola ya RAID, ikifa kontrola huacha kuandika kwa kache, ile kumbukumbu yake ya haraka, na kuandika moja kwa moja kwa diski, na kasi ya kuandika inashuka vibaya bila kosa lolote kwenye skrini ya mtumiaji. Na diski moja inayokufa polepole, huvuta zote nyuma. `smartctl -a` itakuonyesha, ikiwa diski ziko nyuma ya kontrola ya familia ya MegaRAID ongeza `-d megaraid,` na namba ya diski. Namba 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni zinazosubiri, 198 ni zisizosomeka, hizo zikipanda diski inakwenda. Lakini 199 ikipanda peke yake mara nyingi ni kebo ama mguso, na kebo ni bei ya chai ukilinganisha na diski. Hizi namba ni za SATA, za SAS zimepangwa vingine, tafuta orodha ya kasoro zilizoongezeka.

Sasa RAID, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. RAID 5 inavumilia diski moja kufa, RAID 6 mbili. Diski mbili zikionekana zimekufa kwa RAID 5 kwa wakati mmoja, kati ya zile njia tatu ni kusoma logi peke yake kunakofaa kuanza nako. Usichomoe, usibadilishe, usiwashe tena na tena. Mara nyingi sio diski mbili zimekufa, ni kebo, ubao wa nyuma wa diski, ama kontrola iliyopotewa nazo kwa sekunde, na data iko. Soma logi ya kontrola uone ipi ilitoka kwanza, kwa sababu hiyo ya kwanza ina data ya zamani na ukiilazimisha irudi kama nzima unaharibu zote. Ukiona kontrola inakuuliza kuhusu usanidi wa kigeni (foreign), kuna kuagiza uingizwe (import) na kuna kufuta (clear), na anayebonyeza kufuta bila kujua ndo huyo baadaye anatafuta mtu wa kuokoa data kwa pesa ambazo zingenunua seva mbili. Kama huna bakapu na huna uhakika, zima, bandika namba kwa diski, mwite anayejua.

Na ikifika kweli kwamba mazabodi imekufa, umesoma logi, umechomoa, umehamisha, na yote yanaelekeza pale, basi badilisha, lakini kabla ya fundi kufungua skrubu ya kwanza uwe na ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski, mkononi, umechapishwa kwa karatasi. TPM, chipu inayotunza siri za ile kufuli, huenda na mazabodi ya zamani, kwa hivyo Windows iliyofungwa kwa BitLocker ikiwaka juu ya mazabodi mpya itaomba ule ufunguo wa tarakimu 48, na kama ulihifadhiwa ndani ya seva hiyo hiyo hutaufikia. Kuupata sasa hivi mashine ikiwa bado inawaka ni komandi moja, `manage-bde -protectors -get C:`.